ETIAS Si Ya Pasi ya Kenya, Usichezwe

Kuna msee anakuitisha doo ati akupangie ETIAS uingie Ulaya? Weka simu mfukoni. Hiyo kibali ya mtandaoni ni ya wale hawahitaji viza ya Schengen, kama Waingereza na Wamarekani. Na hata kwao, mpango ni ianze mwisho wa 2026: yuro 20, miaka 3.

Wewe na pasi ya Kenya bado ni viza. Yuro 90, makaratasi ya benki, alama za vidole, na wakikukataa hiyo ganji hairudi. Hapo ndipo huuma, maze. Sisi tulitoa viza Januari 2024, Mjerumani anajaza fomu ya eTA akiwa kwa kochi lake, halafu wewe unaulizwa kama kweli utarudi Umoja.

Kenye inakuhusu ni EES, iliyoanza Oktoba 12, 2025. Ukifika mpakani huko unapigwa picha na kompyuta inahesabu siku zako 90 ndani ya 180, so ukipitisha hata moja itaonekana. Kujisajili ni bure, na hufanyiwa hapo hapo. Broka akikuitisha ya EES pia, huyo block.