Kabla ya Haki ya Kufa, Leteni Mofini

Sisi wapenzi wa Kezilahabi tuna tatizo moja. Tumesoma Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), tumewaona Rosa na Kazimoto wakijitoa uhai, basi kifo cha hiari kimekuwa mada ya kunywea kahawa. Ndiyo maana Bunge la Makabwela la Uingereza lilipopitisha, Juni 2025, kwa kura 314 dhidi ya 291, muswada wa kuwasaidia wagonjwa wasiopona kukatisha maisha yao, rafiki zangu wasomi waliuliza: na sisi lini? Wengine wakajibu kwa ukali: uhai ni wa Mungu, mjadala umefungwa.

Mimi nasema pande zote mbili zimekosea. Nililijua hilo Magoma.

Shangazi yangu aliugulia huko, wilayani Korogwe, kwenye nchi ya mkonge chini ya milima ya Usambara. Saratani ya shingo ya kizazi. Alipofikishwa hospitali ilikuwa imeshasambaa, akarudishwa nyumbani na panadol. Usiku alikuwa anang'ata shuka ili wajukuu wasimsikie. Siku moja akanishika mkono: "Mwanangu, wewe unajuana na wakubwa. Waambie wanichome sindano nilale jumla."

Nilikosa la kumjibu. Kanuni ya Adhabu inalo jibu: kifungu cha 216 kinasema anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha, na cha 217 kinamfanya mkosaji hata yule aliyejaribu mwenyewe. Yaani sheria ilikuwa imejiandaa kumshtaki shangazi, lakini ya kumtuliza maumivu haikuwa na habari.

Baada ya mahangaiko mengi tukapata mofini ya maji kutoka hospitali ya mbali. Siku ya tatu akaomba bada kwa samaki. Siku ya nne akauliza nani kapalilia mahindi yake, na akamgombeza aliyechelewa. Aliishi wiki tano zaidi. Ile sindano hakuitaja tena.

Najua mtaniambia: wapo wanaopewa dawa zote na bado wanaomba kufa. Kweli wapo, na siku moja tutalazimika kuwasikiliza bila kuwahukumu. Lakini huwezi kuuita uamuzi wa hiari ule wa mtu ambaye hajawahi kupewa dawa ya maumivu. Na kwetu kuna jambo jingine. Mgonjwa anaona mbuzi wanauzwa, shamba linawekwa rehani, mjukuu karudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Mpe mtu huyo sheria ya kuomba kufa, ataomba, ili asiwe mzigo. Hapo aliyeamua ni nani, yeye au umaskini?

Na ninyi wa "uhai ni wa Mungu", msichekelee. Papa Pius XII alishasema mwaka 1957 kwamba inaruhusiwa kumtuliza mgonjwa maumivu hata kama dawa yenyewe inaweza kumfupishia siku. Sasa dini ipi imewafundisha kwamba panadol inatosha? Kumkatalia mtu kifo kisha kumwacha na maumivu yake usiku kucha ni ukatili uliovaa kanzu.

Majirani zetu hawakusubiri utajiri. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji ya bei nafuu. Kufikia 2004 Uganda ikawa imewaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa sababu madaktari hawafiki vijijini. Hapa kwetu tunayo Ocean Road, na Muheza, mkoa huu huu wa Tanga, tiba shufaa inafahamika. Kwa hiyo ujuzi upo. Kinachokosekana ni chupa ile kufika kwenye zahanati ya kijiji, na mtu mwenye ruhusa ya kuitoa.

Basi jamani, mkitaka kubishana juu ya haki ya kufa, bishaneni. Ila mkimaliza, mwandikieni mbunge wenu mumuulize swali moja: zahanati ya kwetu ina mofini? Shangazi aliipata kwa sababu alikuwa na mpwa mwandishi wa habari. Jirani yake, mwenye ugonjwa ule ule, hakuwa na mpwa.