Mnara Umesimama, Nyumba Haijaisha: Funzo la Unionville kwa Wanaonunua Fleti kwa Picha

Wiki iliyopita jamaa yangu aliyeko Maskati alinitumia kwa simu picha ya jengo, akaniuliza neno moja tu: "Limekwisha?" Jengo lenyewe liko huku Unionville, kaskazini mwa Toronto. Kwenye picha vioo vinang'aa na bustani imepandwa. Nikamjibu kuwa nje limekwisha, ndani bado. Akapiga simu papo hapo. "Vipi ndani bado, Mwalimu, na watu wameshaanza kuhamia?"

Swali lake ni la haki. Familia zetu nyingi za Ghuba zina watoto na wajukuu Kanada, na wazee wanasaidia kwa fedha ili vijana wapate pa kukaa. Fleti inanunuliwa kwa mchoro kabla msingi haujachimbwa, kisha mtu anasubiri miaka minne au mitano. Siku ya kupewa ufunguo kila mtu ana furaha, na hapo ndipo makosa yanapofanyika.

Asiyeujua mji huu nimweleze kidogo. Unionville ni kijiji cha zamani kilichomezwa na Markham. Barabara yake kuu ina maduka ya mbao na bwawa la Toogood ambalo watu hulitembelea Jumapili. Ukishuka kusini kidogo, kuvuka Barabara Kuu namba 7, unakuta mji mwingine kabisa wa minara ya fleti na kituo cha treni ya kwenda katikati ya Toronto. Tangu 2024 kuna pia kampasi mpya ya Chuo Kikuu cha York. Kampasi hiyo ndiyo iliyowafanya jamaa zetu wengi waanze kuuliza bei za fleti za hapa.

Kwanza sheria, maana wengine hawajui. Tangu 1 Januari 2023 Kanada imewazuia wasio raia na wasio wakaazi wa kudumu kununua nyumba za makazi katika miji kama hii, isipokuwa kwa masharti maalumu, na katazo hilo limeongezwa hadi 1 Januari 2027. Mkoa wa Ontario nao unatoza ushuru wa asilimia 25 kwa mnunuzi wa nje. Kwa hiyo anayenunua kwa kawaida ni kijana mwenye uraia au ukaazi, na mzee wa Maskati au Dubai anampa zawadi ya fedha. Jina la mkataba ni la kijana, lakini macho ya familia nzima yako pale.

Soko nalo limegeuka. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Kanada ilipandisha riba yake kutoka asilimia 0.25 hadi 5. Wanunuzi wakakimbia. Mauzo ya fleti mpya Toronto na vitongoji vyake mwaka 2024 yalikuwa ya chini kabisa kwa karibu miaka 30. Mnara maarufu wa The One, kwenye makutano ya Yonge na Bloor, uliopangwa kuwa na ghorofa 85, uliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama Oktoba 2023 huku ukidaiwa zaidi ya dola bilioni 1.6 za Kanada. Mwaka uliofuata kampuni iliyokuwa ikisimamia ujenzi ikabadilishwa.

Mambo haya ya benki yanaingia hadi jikoni kwako. Mjenzi halipwi salio lako mpaka jengo lisajiliwe na hati ipite kwako, na kila mwezi unaopita riba ya mkopo wake inapanda. Haraka yote inaishia kwenye kazi ya mwisho, yaani umaliziaji wa ndani. Zege halikubali haraka, lina siku zake za kukauka. Rangi na vigae vinaweza kuharakishwa, na madhara yake huonekana baadaye.

Kazi ya mwisho ndiyo kazi yenyewe

Yupo kijana wa kwetu, mzaliwa wa Mombasa, anayesimamia umaliziaji wa minara huku. Jioni moja tulikaa kwa chai nikamwuliza mbona ghorofa zinapanda upesi, halafu jengo likishafika juu linakaa mwaka mzima au zaidi. Akacheka. "Mwalimu, kupandisha ni kazi ya genge moja. Kumalizia ni kazi ya magenge ishirini, na kila moja linamngoja mwenzake."

Alinipangia hivi. Ghorofa ikishafungwa madirisha, wanaingia mafundi wa fremu za chuma za kuta za ndani, kisha bomba, waya na njia za hewa. Mkaguzi lazima aone kabla ukuta haujafungwa. Ndipo zinapigwa mbao za jasi, zinazibwa maungio, zinapakwa rangi ya kwanza. Baadaye vigae, milango, kabati za jikoni, sakafu, taa, masinki, rangi ya mwisho na usafi. Magenge yanafuatana ghorofa kwa ghorofa kama gari moshi. Fundi wa vigae akichelewa siku tatu ghorofa ya tano, wa kabati anakosa pa kuingia, anapelekwa jengo jingine, na kumrudisha ni wiki mbili.

Kazi ya msimamizi, kwa maneno yake, ni kuzuia mtu asimfunike mwenzake. Jasi ikipigwa kabla bomba halijajaribiwa, uvujaji utajulikana wakati mwenye nyumba ameshalala ndani. Sakafu ya mbao ikilazwa wakati hewa ya ndani ina unyevu wa rangi na lipu, itakuja kupinda majira ya baridi hita zikiwashwa. Baridi ya huku ni adui mwingine, maana bila joto la muda lipu ya maungio haikauki.

Tena kuna lifti ya nje ya kupandishia mafundi na vifaa. Imeshikizwa ubavuni mwa jengo, na pale inapopita ukuta hauwezi kufungwa. Kwa hiyo fleti za mstari ule, kutoka chini hadi juu, huwa za mwisho kumaliziwa, mara nyingi kwa pupa. Muuzaji hawezi kukwambia hilo. Uliza mwenyewe.

Na mafundi ni watu, wana mahitaji yao. Mei 2022 maelfu ya wanachama wa chama cha LIUNA Local 183, wakiwemo wa vigae na sakafu, waligoma wakidai mishahara ya kuendana na gharama za maisha. Mafundi hao ndio walioshika foleni ya umaliziaji, na wao wakisimama kila aliye nyuma yao anasimama.

Siku yetu ya ukaguzi

Mtoto wa marehemu dada yangu alinunua fleti ghorofa ya tisa katika mmoja wa minara hii. Sehemu kubwa ya amana ilitoka kwa ami yake wa Maskati. Huku, kabla ya kukabidhiwa ufunguo, mnunuzi anapitishwa ndani pamoja na mtu wa mjenzi, na kila kasoro inaandikwa kwenye fomu. Binti alikuwa mjamzito wa miezi saba, mumewe yuko kazini, akaniomba nifuatane naye. Nikachukua daftari na kalamu nyekundu, kama nakwenda kusahihisha mitihani.

Mtu wa mjenzi alikuwa kijana mwenye adabu, lakini alikuwa na fleti nyingine tatu za kupitisha siku ile. Tukafungua mabomba yote. Tukagonga vigae kwa kifundo cha kidole, vinne vikalia kama mtungi mtupu, vikaandikwa. Nikaweka karatasi laini kwenye feni ya bafuni. Feni inanguruma lakini karatasi haikushika, ikaanguka. Nayo ikaandikwa.

Kisha nikaona mkwaruzo mrefu juu ya meza ya jikoni, karibu na sinki. Nikanyanyua kalamu. Yule kijana akatazama saa, akasema kwa upole kwamba hilo litang'arishwa tu, si la kuandika. Binti akaninong'oneza, "Mjomba, tusiwachoshe watu." Asubuhi ile ami yake alikuwa ameshapiga simu kutoka Maskati, akamwambia achukue ufunguo, asianze kugombana na Wazungu kwa mambo madogo. Wallahi nikaona haya. Nikashusha kalamu.

Miezi miwili baadaye mafundi walikuja wakang'oa vigae vinne na kubandika vipya. Feni walipoifungua wakakuta mfuko wa plastiki umezibwa kwenye njia ya hewa, ule wa kuzuia vumbi wakati wa ujenzi, hakuna aliyekumbuka kuutoa. Wakautoa bila maneno. Lakini meza ya jikoni hawakuigusa. Wakasema haipo kwenye fomu, basi pengine mmeikwaruza wenyewe wakati wa kuhamia. Hatukuwa na hata picha moja. Miaka yote niliyofundisha sekondari ya misheni nilikuwa nawaambia wanafunzi kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ile daftari nilikuwa nalo mkononi.

Saa inaanza kupiga lini?

Kuna jambo jingine linalowashangaza jamaa zetu. Ontario inaruhusu watu kuhamia ghorofa za chini wakati za juu bado zinamaliziwa. Jengo halijasajiliwa, kwa hiyo fleti haijawa yako kwa hati, lakini unakaa na unalipa kila mwezi: riba ya salio unalodaiwa, makadirio ya kodi ya manispaa, na gharama za pamoja za jengo. Malipo hayo hayapunguzi hata senti ya bei. Aliye chini huhamia mwanzo na hulipa muda mrefu zaidi, huku akisikia nyundo juu ya kichwa na akigombania lifti na mafundi wa jasi.

Na dhamana ya fleti yako haingojei hati. Inaanza siku unayokabidhiwa. Chini ya Tarion, shirika la dhamana ya nyumba mpya Ontario, mwaka wa kwanza unahusu kazi na vifaa vibovu. Hadi mwaka wa pili unalindwa kwa maji kupenya, umeme, bomba na joto. Hadi mwaka wa saba ni kasoro kubwa za muundo wa jengo. Kila hatua ina fomu yake na tarehe yake. Anayengoja jengo zima litulie ndipo alalamike, hukuta mwaka wa kwanza umemponyoka.

Haya si ya Kanada peke yake. Dubai, kwa sheria namba 6 ya 2019, mjenzi anabeba kasoro za muundo kwa miaka 10, lakini mitambo ya umeme, bomba na hewa baridi kwa mwaka 1 tu tangu makabidhiano. Na nyumbani Unguja, sheria ya umiliki wa fleti ipo tangu 2010, na huko Fumba umetangazwa mnara wa mbao wa ghorofa 28. Jamaa wa Ghuba wananunua huko pia, wengi kwa picha vilevile. Mji wowote ule, hapo penye rangi, feni na kigae ndipo muda wa kudai ulipo mfupi kuliko wote.

Kwa hiyo nashauri hivi. Anayetoa fedha asiwe ndiye anayemharakisha anayesaini. Kabla ya kutoa chochote, mwanasheria ausome mkataba, kwani fleti mpya Ontario ina siku 10 ambazo mnunuzi anaweza kujitoa bila kupoteza amana. Siku ya ukaguzi nendeni wawili, mmoja aangalie, mmoja aandike na kupiga picha, na mwende mchana penye mwanga. Andikeni hata kinachoonekana kidogo, khasa mikwaruzo, kwa sababu baadaye hakuna njia ya kuthibitisha nani aliyekwaruza. Zungumzeni na mtu wa mjenzi kwa heshima, lakini msisaini mpaka orodha iwe imekamilika. Kisha wekeni tarehe za fomu zote kwenye simu ya zaidi ya mtu mmoja katika familia.

Sisi tumelelewa tuone haya mbele ya watu, na haya ni katika imani. Lakini kuandika kasoro ya kitu ulichokilipia si kumvunjia mtu heshima. Yule kijana wa Mombasa aliniambia wasimamizi wazuri hupenda mnunuzi anayeandika, maana fomu ile ndiyo wanayoitumia kumrudisha fundi aliyekwisha kwenda zake.

Jamaa yangu wa Maskati nilimweleza yote haya kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nitaweza kumsindikiza mwanawe siku ya ukaguzi, mwezi ujao inshallah. Nimekubali, kwa sharti kwamba siku ile yeye asitupigie simu mpaka tumalize.