Viboko wa Rwindi na mtoto wa mchimbaji: mali ya inchi ni ya nani?



Tarehe 21 mwezi wa nne 2025 parke ya Virunga ilitimiza miaka 100. Ndiyo parke ya kwanza katika Afrika, na iko mlangoni petu: ukitoka Goma kwenda Rutshuru, haupiti muda mrefu mbele ya kuikuta. Lakini tukiuliza kwenye karyeri zetu nani ameona kiboko ama simba kwa macho yake, mikono inayoinuka ni michache sana. Wengi wetu tembo tunamjua kwenye noti ya franga 100.

Kuna watu wanasema sendika ichunge mishahara tu, mambo ya wanyama ni ya wazungu. Sisi tunaona hapana. Swali la wanyama ni lile lile la koltani: mali iko kwetu, na faida iko wapi?

Tuanze na ile mali yenyewe. Virunga si ngagi na volkano peke yake. Ukipita Kiwanja, barabara inashuka mpaka kwenye uwanda wa Rwindi, majani marefu mpaka ziwa Édouard. Kule ndiko kwa mbogo, swala, simba, tembo na viboko. Zamani wageni walikuwa wanalala kwenye hoteli ya Rwindi na asubuhi wanatoka na gari kuangalia wanyama. Katika miaka ya 1970 viboko walihesabiwa zaidi ya 20,000. Mnamo 2005, kisha vita na bunduki kuzagaa kila upande, hawakufika hata 1,000. Wazee wanasema tembo wakipigana, majani ndiyo yanaumia. Huku kwetu ni watu walipigana, tembo na viboko wakaumia.

Mtu atasema: kiboko atanisaidia nini? Basi aulize mama anayenunua samaki wa Vitshumbi. Usiku kiboko anakula majani inje, muchana analala ndani ya maji na kuacha mavi yake humo. Mavi yale yanakuza vijidudu na majani madogo ya majini, na tilapia anakula pale. Viboko wakiisha, ziwa linapoteza mbolea yake. Kwa hiyo aliyeua kiboko juu ya nyama na meno alipunguza pia samaki kwenye sahani ya mtoto wa mchimbaji.

Lakini pori linaweza kurudi. Mwaka wa 2020 tembo wapatao 580 walitoka Uganda, wakavuka na kuingia Virunga. Walivunja miti midogo na vichaka, majani yakapata nafasi, wanyama wengine wakafuata. Karyeri ikiisha inabaki shimo. Pori likichungwa linazaa tena. Ndiyo tofauti kubwa kati ya mali hizi mbili.

Sasa kwa nini hatuendi kuona? Sababu ya kwanza ni usalama. Mwaka 2012 vita ilifunga utalii, ukafunguliwa tena 2014. Mwezi wa tano 2018 mlinzi mmoja aliuawa na wageni wawili Waingereza wakatekwa. Parke ikafunga mpaka 2019. Mwaka 2020 Corona ikafunga tena, na mwezi wa nne mwaka ule walinzi 12 wakauawa karibu na Rumangabo. Mwezi wa kwanza 2021 wengine 6 waliuawa. Tangu mwanzo wa parke, zaidi ya walinzi 200 wamekufa kazini. Hao nao ni wafanyakazi kama sisi, wako na wajane na mayatima. Sendika yoyote inayojiheshimu inapaswa kuwataja.

Angalieni sasa upande wetu. Mwezi wa tatu 2025, vita ilipokaribia, mgodi mkubwa wa Bisie kule Walikale ulisimamisha kazi. Rubaya wenye mamlaka walibadilika 2024, mchimbaji akabaki na beshi na nyundo ile ile. Vita inafunga mgodi, inafunga parke, inafunga barabara, na kila mara ni mshahara wa mdogo unaokatika kwanza. Wakati huo ng'ambo ya mpaka, Queen Elizabeth ya Uganda, parke iliyoanza 1952 kwenye ziwa lile lile, inaendelea kupokea wageni. Tembo anavuka bila pasiporti. Pesa ya mgeni inabaki palipo na amani.

Sababu ya pili ni ya zamani. Parke ilianzishwa na Wabelgiji kwa jina la mfalme wao Albert. Kuna watu waliondolewa kwenye mashamba yao, na mpaka leo kuna vijiji vinagombana na parke juu ya mipaka. Tusifiche jambo hili. Mtu aliyefukuzwa hawezi kupenda mnyama aliyechukua nafasi yake. Umeme wa Matebe, ulioanza 2015 na unaofika mpaka Goma, umesaidia, lakini taa peke yake haimalizi swali la shamba.

Sababu ya tatu ni kazi yetu yenyewe. Mwenye mkataba sheria inampa konje ya kulipwa. Mchimbaji wa mikono hana mkataba, hana konje, hana siku hata moja ya kumchukua mtoto wake kuangalia inchi yake. Anaijua tu kwa chini, ndani ya shimo.

Kwa hiyo amani ikipatikana na barabara ya Rutshuru, Rwindi na Kanyabayonga ikifunguliwa vizuri, tunaomba mambo matatu. Kwanza, bei ya kuingia kwa mwana-inchi iandikwe kwa franga, kwenye kibao, na iwe bei ambayo mwalimu wa Kiwanja anaweza kulipa. Pili, hesabu ya pesa ya wageni, na sehemu inayorudi kwa vijiji, ibandikwe wazi kila mwaka, sawa vile tunadai kwa madini. Tatu, kanuni ya migodi ya 2018 inaagiza kampuni kutoa 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Jamii zinapokaa kupanga matumizi, baada ya shule na maji, ziombe pia basi moja kwa mwaka ipeleke watoto Rwindi.

Hatuombi zawadi. Mtoto aliyeona tembo akinywa maji kwenye mto Rwindi hatakubali kirahisi, akiwa mkubwa, kuuza meno yake kwa mgeni wa usiku. Na hatakubali pia koltani ya inchi yake ipite bila hesabu. Kila kamati ya mgodi iweke jambo hili kwenye mkutano wake ujao, pamoja na lile la mishahara, si nyuma yake.