Watoto wa Mulongo na mpango wa tabianchi unaoandikwa Kinshasa

Mpango wa taifa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wa kukabiliana na athari za mabadiliko ya tabianchi uliandaliwa kwa kipindi cha 2022 hadi 2026. Mwingine utahitajika, na pamoja nao linarudi swali ambalo wapangaji hupenda kulipita haraka: nani ataulizwa kabla haujaandikwa? Karibu nusu ya Wakongomani hawajatimiza miaka 15, na Katiba inatoa haki ya kupiga kura kuanzia miaka 18. Sehemu kubwa ya watu watakaoishi na matokeo ya mpango huo hawana kura wala mwakilishi katika kumbi unakojadiliwa.

Uzito wa swali hilo unaonekana vizuri zaidi ukitoka Kinshasa na kwenda Mulongo. Mji huo mdogo uko kando ya mto Lualaba, katika wilaya ya Malemba-Nkulu, jimbo la Haut-Lomami, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kamina, makao makuu ya jimbo. Uko katika bonde la Upemba, eneo la maziwa, vinamasi na mafunjo ambalo mto huligeuza sura kila mwaka. Watu huishi kwa samaki na mashamba. Bidhaa nyingi hupita majini, kwa mitumbwi na boti za mbao zinazoshuka kutoka Bukama, mahali ambapo reli inakutana na mto.

Huku maji kujaa si habari mpya. Wazee wamezaliwa wakiyaona, na rutuba ya bonde pamoja na samaki wake hutokana na mafuriko hayohayo. Kinachobadilika ni uhakika: mvua zinachelewa au zinazidi, na kalenda ambayo mzazi alirithi kwa baba yake haimsaidii tena kama zamani.

Kalenda ya shule nayo iko palepale. Mwaka wa masomo huanza Septemba na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata, kwa hiyo msimu wote wa mvua, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili, uko ndani yake. Mto hufikia kimo chake cha juu wakati mvua zinaelekea kwisha, yaani pale ambapo wanafunzi wa darasa la sita wanajiandaa kwa mtihani wa taifa. Familia ikihamia sehemu iliyoinuka au kwenye kambi ya wavuvi, mtoto huondoka nayo. Elimu ya msingi imetangazwa kuwa bure katika shule za umma tangu 2019, lakini tangazo hilo halimsaidii mwanafunzi ambaye darasa lake limezingirwa na maji.

Halafu kuna kipindupindu. Maeneo ya afya yaliyo kando ya mto na maziwa katika Haut-Lomami, Mulongo likiwamo, yamo miongoni mwa ngome za zamani za ugonjwa huo nchini. Mwaka 2017 taifa zima liliandikisha zaidi ya wagonjwa 50,000. Ingekuwa rahisi, na si sahihi, kuitupia tabianchi lawama zote. Ugonjwa unakaa kwa sababu hakuna maji safi ya kutosha wala vyoo vya kutosha. Mafuriko huongeza kazi yake: huchanganya maji ya chooni na ya kisimani, na anayetumwa kisimani mara nyingi ni mtoto, hasa wa kike.

Mulongo haiko peke yake. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya Kalehe, Kivu Kusini, yaliua zaidi ya watu 400. Januari 2024 mto Kongo ulifika mita 6.20 mjini Kinshasa, karibu sawa na rekodi ya 1961 ya mita 6.26. Serikali ilihesabu watu wapatao 300 waliokufa na shule zaidi ya elfu moja zilizoathirika katika majimbo mengi.

Sasa linganisha hayo na kile ambacho siasa ya tabianchi ya Kongo huzungumza zaidi. Katika ahadi yake iliyorekebishwa mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, nchi iliahidi kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 21 ifikapo 2030. Asilimia 2 itatoka kwa juhudi zake yenyewe na 19 zinategemea msaada wa nje, kwa gharama ya karibu dola bilioni 49 ikijumlishwa na kukabiliana na athari. Msitu ndio mtaji wa ahadi hiyo. Kinshasa hujitambulisha duniani kama nchi suluhisho, na hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa sehemu kubwa ya msitu wa bonde la Kongo iko ndani ya mipaka yake. Lakini mtoto wa Upemba anaishi majini. Mikopo ya kaboni haimfikii, na kisima kilichoinuliwa juu ya maji ya mafuriko hakina mnunuzi London.

Fedha za kimataifa nazo haziko upande wake. Utafiti uliotolewa 2023 na UNICEF pamoja na mashirika ya Plan International na Save the Children ulionyesha kuwa asilimia 2.4 tu ya fedha za mifuko mikuu ya tabianchi zilikwenda kwa miradi inayozingatia mahitaji ya watoto.

Serikali inaweza kujibu kwamba vijana hualikwa, na ni kweli. Ila neno “vijana” hubeba mengi. Mkataba wa Afrika wa Vijana unahesabu kuanzia miaka 15 hadi 35, na kwa kawaida anayefika kwenye meza za mashauriano ni mwanaharakati wa mjini, mwenye shahada, Kifaransa fasaha na intaneti. Kazi yake ni halali. Hata hivyo hawezi kumsemea mtoto wa miaka 12 anayeongea Kiluba na Kiswahili na ambaye hajawahi kuiona hata Kamina.

Sheria haikosekani. Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na ina sheria yake ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009. Mwaka 2023 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa mwongozo kuhusu mazingira na tabianchi baada ya kukusanya maoni zaidi ya 16,000 ya watoto wa nchi 121. Mabunge ya watoto nayo yapo Kongo. Tatizo ni kwamba maazimio yao hayamfungi waziri wala gavana. Hakuna anayelazimika hata kuyajibu kwa maandishi.

Zipo pia shaka za haki. Mtoto akiandikiwa hotuba na kupigwa picha na wakubwa, hajashirikishwa. Wala hapaswi kubebeshwa kazi ya mhandisi. Lakini kuna maswali ambayo yeye ndiye mwenye jibu: maji yalifika wapi mwaka jana, kisima kipi huharibika kwanza, njia ipi ya shule hukatika, wenzake wangapi hawakurudi darasani. Serikali imekuwa ikijenga shule na vituo vya afya chini ya mpango wa maendeleo wa wilaya 145, na Malemba-Nkulu ni mojawapo. Kuwauliza wanafunzi kabla ya kuchagua kiwanja ni nafuu kuliko kujenga mara mbili.

Kazi hiyo haihitaji kongamano. Inahitaji walimu, redio za jamii, lugha za wenyeji na jimbo lenye fedha za kukusanya majibu. Hapo kuna deni jingine: Katiba inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayotengwa kwa ajili yao, na majimbo yamelalamika kwa miaka kwamba hayapati kiasi hicho.

Muda nao ni mfupi. Barabara za Malemba-Nkulu hupitika kwa nafuu wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hivi, na mwezi wa saba shule hufungwa. Kwa hiyo timu itakayotaka kuwasikiliza wanafunzi wa Mulongo madarasani mwao ina takriban miezi miwili tu kabla ya likizo hiyo.