Saw ya kumi: papa kapona, dagaa wamekufa

Wapenzi wa muvi pale Mnazi Mmoja wana kanuni yao ya siku nyingi: steringi hafi. Saw iliivunja mapema. Mzee John Kramer, yule anayefunga watu kwenye mitego ya misumeno na minyororo, alikufa tangu sehemu ya tatu, mwaka 2006, na muvi zikaendelea kutoka tu. Kufika ya tisa, wengi walishachoka. Utumbo ulikuwa mwingi kuliko stori.

Saw X ya mwaka 2023 ikarudi nyuma, kati ya sehemu ya kwanza na ya pili. Kramer ana saratani ya ubongo. Anasikia kuna tiba huko Mexico, anatoa pesa, "anapasuliwa", anafungwa bandeji kichwani. Baadaye anagundua hakuna aliyemgusa. Kaliwa.

Hapo ndipo muvi ya Marekani inapogeuka ya Kariakoo. Familia ngapi zimeuza kiwanja kwa ajili ya dawa ya "uhakika" ya saratani au kisukari, halafu muuzaji akazima simu? Ndiyo maana matapeli wale wanapoamka wamefungwa, banda umiza zima linapiga makofi. "Mkate huyo! Mkate!"

Lakini wanaopiga makofi waangalie vizuri nani anakufa. Ambaye hajaiona aruke hapa. Valentina anajikata mguu mwenyewe na bado anakufa. Gabriela, teja aliyetumiwa kujifanya mgonjwa aliyepona, anatoka kwenye mtego wake akiwa hai, kisha anavunjwa shingo. Anayemvunja ni bosi wake, Cecilia, mwenye mchongo mzima. Na Cecilia ndiye anayemaliza muvi akiwa anapumua.

Ni hesabu ile ile ya Mtaa wa Msimbazi. Kelele ya "Mwizi!" ikipigwa, anayevishwa tairi ni dogo aliyechomoa simu. Yule mwenye ofisi ya kupanga, koti jeupe na kalamu mfukoni, aliyekula mamilioni ya wagonjwa, hakimbizwi na mtu. Anabadilisha laini, maisha yanaendelea.

Wapo watakaosema ni muvi tu, damu yenyewe rangi. Sawa. Ila hii ya kumi imezizidi nyingi za katikati kwa sababu hiyo hiyo: inampa mtazamaji hasira ya haki kabisa, inamwacha ashangilie, halafu inamwonyesha hasira hiyo imemwangukia nani.

Kramer siku zote hudai yeye haui mtu, mtu hujichagulia mwenyewe. Na pale Msimbazi, vumbi likitulia na maiti ikifunikwa kanga, kila mmoja naye ana lake: yeye alirusha jiwe moja tu.