NA MKOKOTENI JE?

Nina jambo lililonikaa rohoni tangu muhula wa pili, na nisipolitoa hapa sijui nitalitoa wapi, kwa maana katika mdahalo wa chama chetu nilisimama upande mmoja na leo nasimama mwingine. Wenzangu wa kidato cha tatu wameshaanza kunicheka. Wacha wacheke.

Hoja ya siku ile, kwa wale ambao hawakuhudhuria, ilikuwa hii: Mji wa Kale uachiwe vyombo vya umeme pekee. Mimi nilikuwa mtetezi wa kwanza wa hoja, na nilijitayarisha wiki nzima. Nikaanza na Ndia Kuu, ambayo kila msomaji wa jarida hili ameipita, ile inayotoka karibu na Ngome ya Yesu na kuingia ndani ya mji. Nikasema kwamba Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593, na kwamba UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, lakini njia zilizo nyuma yake hazikukatwa kwa ajili ya injini. Zilikatwa kwa ajili ya miguu ya watu na ya punda. Leo tuktuk mbili zikikutana kwenye kichochoro, mtu anayetembea hujibandika ukutani kama karatasi ya matangazo, na moshi wote waingia dirishani kwa watu, ambako mama yuapika na mtoto mchanga amelala.

Wapinzani nao hawakuwa wanyonge. Mmoja akasema umeme wenyewe watoka Kipevu, ambako huchomwa mafuta mazito, kwa hivyo moshi tutakuwa tumeuhamisha tu kutoka Kibokoni hadi Kipevu. Nilikuwa nimeisubiri hoja hiyo. Nikamwambia mitambo ya Kipevu ipo, sikatai, lakini karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mito, upepo wa Turkana na jua. Mwengine akasema umeme wenyewe hukatika, akatukumbusha Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani usiku mmoja. Hapo nilibabaika kidogo, lakini nikamuuliza, je, petroli haikatiki? Septemba ya mwaka huohuo lita moja ilipita shilingi 200. Makofi yakapigwa. Nikataja Ethiopia, ambayo mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Nikataja London, ambako tangu Agosti 2023 kila mwenye gari kuukuu la moshi mwingi hulipa pauni 12.50 kwa siku akiliendesha popote mjini, na watu waligombana juu ya jambo hilo mpaka kamera zikakatwa kwa misumeno. Tukashinda kwa kura nyingi.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji.

Katika mazungumzo yale, mtetezi mwenzangu alisema sentensi moja ambayo mimi niliipigia makofi bila kufikiri. Alisema, "Na hii mikokoteni nayo, inayoziba njia na kutuaibisha mbele ya wageni, iondolewe pamoja na moshi." Watu walicheka. Mimi pia.

Jioni nikaenda kwa ami yangu kumpa habari za ushindi. Nikamkuta barazani akinywa kahawa, shuka begani. Nikamwamkia, akaniitikia, nikaanza kumhadithia yote, London na Ethiopia na Olkaria. Ami si mtu wa kukata maneno ya mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema:

"Haya, mwanangu. Mwataka kisichotoa moshi. Na mkokoteni wangu je, wachoma nini?"

Nikamwambia, "Hauchomi kitu, ami."

"Wachoma," akasema. "Wachoma mahamri na mbaazi."

Wazee wa baraza wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka ile sentensi ya mwenzangu, na nikakumbuka kwamba mikono yangu ndiyo iliyoipigia makofi.

Ami yangu ni msukuma mkokoteni, au rukwama kama waiitavyo wazee. Huuza maji. Kila mkazi wa kisiwa hiki ajua kwamba maji ya Mzima na Baricho hayafiki kila mfereji kila siku, na visima vya mitaani vingi ni vya chumvi. Ami hupakia mitungi 20, kila mmoja lita 20. Fanya hesabu: hizo ni kilo 400 bila ya uzito wa mkokoteni wenyewe, na zasukumwa na mtu aliyepita miaka 50. Hupeleka pale ambapo lori la maji haliwezi kuingia. Chai aliyokunywa mwenzangu asubuhi ile kabla ya kuja kusema mkokoteni ni aibu, nina hakika maji yake yalifika kwa mkokoteni. Na si maji tu. Viazi vya Marikiti, saruji, magodoro, friji ya biharusi, vyote hupita vichochoroni kwa namna hiyo.

Mwaka jana mkokoteni wa ami ulichukuliwa pamoja na mingine kadhaa. Sitasema ulichukuliwa na nani, wala hilo si neno langu leo. Alikaa siku 9 bila kazi, akalipa alichoambiwa alipe, akarudishiwa chombo chake gurudumu moja limepinda. Sababu aliyopewa ni kwamba yuaziba barabara. Siku hizo hizo, kando ya njia ileile, palikuwa na magari yameegeshwa tangu asubuhi, magurudumu mawili juu ya njia ya wapita kwa miguu, na hakuna aliyeyagusa.

Hapo ndipo nilipo mimi. Tunapogombana juu ya usafiri safi, twagombana kati ya petroli na umeme tu, yaani kati ya mwenye injini hii na mwenye injini ile. Yule ambaye hana injini kabisa hatumhesabu, na ikiwa twamtaja, twamtaja ili tumfukuze. Chombo kisafi kuliko vyote katika Mji wa Kale tayari kipo, na ndicho cha kwanza kuambiwa kiondoke.

Mwalimu wetu wa historia alituonyesha picha moja ya zamani ambayo nataka kila mpinzani wangu aione. Tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1920 Mombasa ilikuwa na reli nyembamba barabarani, iliyotoka upande huu wa mji mkongwe ikapita njia ya Kilindini, ambayo leo ni Moi Avenue. Juu ya reli hiyo vilipita vigari vyenye viti na kivuli juu, na nyuma yake watu wawili, Waafrika, wakivisukuma kwa miguu. Bwana mkubwa alikaa kitako na kofia yake, na wenye vyeo walikuwa na vigari vyao wenyewe. Hicho ni nini kama si mkokoteni? Lakini wakati ule msukumaji alipokuwa amembeba bwana mkubwa, alitandikiwa reli ya chuma ili asipate shida njiani. Leo abeba maji ya watu, aambiwa yuaziba njia.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kumtukuza msukuma mkokoteni kana kwamba ile ni kazi ya kupendeza. Mgongo wa ami nimeukanda mimi mwenyewe kwa mafuta ya nazi, naujua. Tena mkokoteni una hatari zake. Breki yake ni kipande cha gurudumu la gari kilichofungwa nyuma, na ukiteremka mteremko nao umejaa, wewe na mungu wako. Nimeona mmoja ukimshinda mwenyewe, tukakimbia kila mtu upande wake, na ndizi zikabaki barabarani. Mwenye tuktuk akilalamika juu ya hilo, hasemi uongo.

Wala sijageuka adui wa umeme. Kaka yangu huendesha tuktuk ya mtu. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki, sehemu kubwa yamezwa na petroli. Angepata ya umeme angepumua. Bibi yangu naye miguu haimtii tena, na bila tuktuk hospitali hafiki. Kwa hivyo wale wanaosema tuktuk zote zitolewe Mji wa Kale, sijui bibi zao huenda vipi. Lakini nilipomuuliza kaka, "Mbona huchukui ya umeme?" alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Tajiri ndiye mwenye tuktuk," akasema. "Nitamnunulia?" Serikali imeweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo tangu 2023, na mwaka 2024 ikatoa rasimu ya sera ya vyombo vya umeme. Ni vizuri. Bali bei nafuu ya kuchaji haimfai asiyekuwa na cha kuchaji. Tukitunga sheria kwamba umeme pekee ndio upite Ndia Kuu, atakayefungiwa njia kesho ni kaka yangu, si tajiri, kwa kuwa tajiri atanunua nyingine na kuitafutia dereva mwengine.

Kuna jambo jengine ambalo katika mdahalo hatukuligusa hata kidogo: betri. Kule bara, mtaa wa Owino Uhuru, si mbali na hapa, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi, yaani yale madini mazito. Watu wa mtaa, watoto kwa wakubwa, wakakutwa na sumu hiyo ndani ya damu zao. Bi Phyllis Omido, aliyesimama kuwatetea, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikapanda kwenda mahakama za juu. Najua betri za pikipiki za umeme za siku hizi nyingi ni za aina nyingine, hazina risasi. Mwalimu wa kemia alinisahihisha na nimekubali. Swali langu ni lile lile: zikichoka, zatupwa mtaa wa nani? Sidhani utakuwa mtaa wa mwenye tuktuk 10.

Lamu nako, mji ulioingia katika urithi wa dunia mwaka 2001, wanavutana juu ya bodaboda vichochoroni mwao, na punda ndiye aliyebeba mji ule karne kwa karne. Natamani wasifanye kosa letu la kumsahau punda wanapomjadili bodaboda.

Basi mimi nataka nini? Nataka kwanza tuwahesabu wasiochoma kitu: waendao kwa miguu, wenye baiskeli, wasukuma mikokoteni. Hao wapewe njia kabla ya kugawanya kilichobaki. Asubuhi, tuseme tangu alfajiri hadi saa 3, ambapo maji na mboga hupelekwa majumbani, Ndia Kuu iwe ya mikokoteni na miguu tu, isipokuwa mgonjwa. Magari yanayoegeshwa juu ya njia ya miguu yaondoke, maana hayo ndiyo yanayoziba. Mkokoteni uwekewe breki ya kweli na taa ya kuonekana usiku, na fedha zile zinazotozwa wenye mikokoteni zianzie hapo. Baada ya hayo ndipo tuje kwenye tuktuk, na dereva asaidiwe yeye, si tajiri wake. Huenda siku moja patakuwa na mkokoteni wenye mota ndogo ya umeme ya kumsaidia mtu kwenye mteremko na kwenye mlima. Nilipomwambia ami hilo aliniuliza kama mota hiyo pia itachukuliwa siku 9.

Nimemwomba mlezi wa chama hoja ile irudishwe muhula ujao, nami nitasimama upande wa upinzani. Amekubali, ingawa alisema hajawahi kuona mshindi akiomba ashindwe. Nikamwalika ami aje asikilize. Akafurahi, akauliza ni siku gani na saa ngapi. Nilipomwambia Ijumaa, saa 9 alasiri, akatikisa kichwa.

"Saa hiyo ndiyo maji hutoka," akasema. "Wewe sema tu, utakuja kunihadithia."