Kiti cha Fundi Katika Maktaba

Watu husema kwamba maktaba ni nyumba ya kimya, nao hukisifu kimya hicho kana kwamba ndicho kilichojengewa kuta. Mimi nasema kuwa kimya ni adabu ya maktaba, si kazi yake. Kazi yake ni kumpa asiye na kitu ujuzi ule ambao mwenye kitu aweza kuununua. Ujuzi huo ukiwamo kitabuni, na usomwe kwa utulivu. Lakini ukiwamo kichwani na mikononi mwa mtu aliye hai, mtu huyo naye na aalikwe, apewe kiti na aulizwe.

Itazame Manyatta, sehemu ya Embu inayopanda kutoka mjini kuelekea miteremko ya Mlima Kenya. Ardhi yake si bahili. Huko juu kwenye baridi hustawi majani ya chai, na chini yake kahawa na makadamia. Walakini kahawa hiyo huondoka katika magunia, jina la kwao likapotea njiani, ikaja kunywewa na watu wasiojua kama pana mahali paitwapo Ngandori au Kithimu. Kijana aliyezaliwa kati ya miti hiyo, akitaka kukaanga kahawa ya nyumbani na kuiuza katika mfuko wenye jina lake, hakosi kahawa. Ruhusa za sheria ataziomba, na mtaji wa kuanzia kilo chache pengine ataudunduliza. Akikosacho ni mtu wa kumwonyesha jinsi mfuko unavyochorwa, jinsi jina linavyochaguliwa, jinsi maneno machache ya kweli yanavyoandikwa juu yake, na jinsi picha inavyopigwa hata mnunuzi wa Nairobi akaitamani bidhaa kabla hajainusa. Hizo ni kazi za mchoraji, mwandishi na mpiga picha. Watu hao wapo. Wengine walizaliwa huko huko wakahamia miji mikubwa. Kijana hajui tu mlango wa kuwapigia hodi.

Mlango huo ungekuwa maktaba ya umma ya mjini Embu. Benki humtaka mtu dhamana, chuo humtaka cheti, na ofisi ya mchoraji wa matangazo humtisha kwa bei yake hata kabla hajaketi. Maktaba haimwulizi mtu ni mwana wa nani wala amekuja kununua nini. Haki hii haikuwapo tangu mwanzo. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Huduma ya Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria mwaka 1965, baada ya uhuru, ili mlango uwe wa kila mtu. Je, mlango uliopatikana kwa taabu hivyo watosha kupitisha watahiniwa tu, waliobeba vitabu vyao wenyewe na kutafuta meza?

Nitaambiwa kwamba jina na picha ni mapambo, na kwamba mwenye njaa hali mapambo. Basi na tukumbuke habari ya kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili jina hilo, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara. Ombi likapingwa, na mwaka 2008 likaachwa. Lau lingepita, mfumaji wa pwani yetu angalihitaji idhini ya mgeni ili auze kikoi huko Uingereza kwa jina la kikoi. Mapambo hayapiganiwi hivyo. Katika mwaka huo huo wa 2006 Maktaba ya Uingereza, London, ilifungua kituo cha kuwasaidia wenye biashara changa na wenye kutaka kulinda ubunifu wao. Wenye maktaba kubwa hawakuona aibu kuzungumza habari za soko chini ya paa moja na vitabu vya kale.

Wako pia wasemao, “Vitabu vyenyewe ni haba, nunueni vitabu kwanza.” Neno hili lina haki yake, nami siwezi kulidharau. Lakini rafu ikingojwa ijae ndipo mtu aalikwe, kijana wa leo atakuwa mzee. Tena Nairobi imetuonyesha kwamba mambo haya mawili hayapigani: mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017, wakashika kazi ya kuzifufua maktaba za umma za jiji hilo, McMillan, Kaloleni na Makadara. Wasanii walipoingia, vitabu havikutoka.

Kuhusu makelele, sioni hoja. Chumba cha pembeni na alasiri moja ya Jumamosi vyatosha.

Ninachokiogopa zaidi ni hotuba. Twaijua desturi yetu: mgeni mashuhuri huja amechelewa, hushika kipaza sauti, husimulia jinsi alivyofanikiwa, hupigiwa makofi na kupigwa picha, kisha huondoka. Huyo simtaki. Namtaka mshoni aje na mkasi wake, mchoraji aje na karatasi alizoziharibu, nao warudi wiki kwa wiki muda wa miezi mitatu, hata mwanagenzi alete kazi yake mbovu, ikosolewe, akaifanye upya, airudishe. Mambo kama namna ya kukadiria bei ya siku moja ya kazi, au namna ya kumkatalia mteja asiyelipa, hayafunzwi kwa makofi.

Wala asiitwe kufanya kazi ya bure. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu naye ana watoto na kodi ya nyumba. Wengi watamwambia kwamba kutoa ni moyo, hali wao wenyewe wamelipwa mshahara wa mwezi huo. Huwezi kumfunza kijana kwamba ubunifu una thamani huku ukimnyima mwalimu wake ujira mbele ya macho yake.

Katiba ya 2010 imeziandika maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Barua ya mwaliko haizidi ukurasa mmoja, na mkutubi anayo kalamu. Fungu la nauli na ujira halimo mikononi mwake. Limo mikononi mwa wajumbe wa bunge la kaunti ya Embu, nao huombwa kura na vijana hawa hawa.